Barua ya wazi kwa mabosi wa ulinzi Mtwara: risasi mbovu tunazirudisha kwenye bunduki kisa mnatuhesabia

Shikamooni wakuu. Naanza na nyie wenye kampuni za ulinzi mnaolinda maghala ya korosho, sheli na maduka makubwa hapa Mtwara mjini, halafu maafande mnaosimamia leseni za silaha za hizo kampuni. Nawataja wote mapema maana najua kila mmoja akisoma atasema hii barua ni ya mwenzake.

Mi ni mlinzi wa kawaida tu. Niliingia kazi hii msimu ule wa 2018, ule ambao serikali ilitangaza kununua korosho kwa 3,300 kilo na magari ya jeshi yakawa yanapishana barabarani, na tangu hapo nimeshika pampu, ile bunduki ya marisau unayoikoki kwa kuvuta mkono wa kushoto, ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, namba ikipanda mtutu unakuwa mwembamba), karibu kila usiku wa maisha yangu. Sijasomea silaha chuo, ila bunduki ninayolala nayo naijua kuliko hata simu yangu, na risasi zake nazijua moja moja, maana ni zile zile. Hapo kwenye "zile zile" nitarudi.

Mwaka jana tulipelekwa renji, yaani uwanja wa kulengea shabaha. Kwa sisi renji ni mara moja kwa mwaka, mkibahatika, na unapewa risasi tano tu, tano, huku gari linaunguruma pembeni kwa sababu saa sita mchana mnatakiwa muwe mmesharudi malindoni. Tulikuwa watu kumi na wanne kwa bunduki nne. Mkufunzi kazi yake ni moja, haya haya, piga koki piga, twende twende. Kushoto kwangu alikuwa mzee mmoja wa Newala, tunamwita Babu japo mvi zenyewe za kuhesabu. Ya kwanza akaipiga vizuri, paa! Ya pili ikatoka puf. Yaani kama mtu kapiga mto kwa kiganja. Bega lake halikutikisika hata kidogo, na kule kwenye shabaha hakuna kilichofika, karatasi ilitulia kama ilivyo.

Mkono wa Babu ukawa umeshaanza kuvuta kukoki nyingine. Simlaumu, mkono umefundishwa hivyo, piga koki piga, hausubiri kichwa. Nikapiga kelele ACHA! Mkufunzi akanigeukia mimi, sio Babu, mimi, we nani kakupa ruhusa ya kusema acha hapa?

Basi bunduki ikatolewa risasi zote, mdomo bado unatazama kwenye lile tuta la udongo nyuma ya shabaha, tukafungua taratibu. Kwenye ganda lililotoka kulikuwa na baruti haijaungua, vipunje vya kijivu vikamwagika kwenye kiatu cha Babu kama pilipili manga. Tukamulika kwa tochi ya simu kutokea kwenye chemba, pale risasi inapokaa ikisubiri kufyatuliwa, kuangalia kama mwanga unatokea upande wa pili. Giza tupu. Fimbo ya kusafishia mtutu haikuletwa, imebaki ofisini, ikabidi kijana mmoja akakate ufito porini auchonge na panga, tukaupitisha kwa kutokea mdomoni tukagonga pole pole. Kikatoka kile kizibo cha plastiki kinachobeba marisau, vile vigololi vidogo vinavyorushwa, na marisau yenyewe yakamwagika mchangani kama kunde.

Nawaelezea kidogo kwa nyie ambao silaha mnazijua kwa stakabadhi. Ile risasi haikuwa na nguvu ya kutosha kusukuma mzigo wake hadi nje, labda kiwandani iliwekwa baruti pungufu, labda baruti iliingia unyevu, ikasukuma ukakwama njiani. Sasa Babu angefyatua ya tatu, na ya tatu ni nzima ina nguvu zake zote, ule moto ungekuta njia imezibwa. Mtutu hapo unavimba au unapasuka, na pampu unaishika wapi kwa mkono wa kushoto? Chini ya mtutu pale pale. Vidole vya Babu ndo vingekuwa jirani na palipopasuka. Na uso wake, na mimi niliyesimama hatua mbili kutoka kwake.

Halafu tukarudi ofisini. Aisee. Hakuna aliyeuliza Babu yuko salama. Swali lilikuwa risasi tano zimetoka, matundu kwenye shabaha ni ya nne, hiyo moja imeenda wapi? Babu akaandikishwa maelezo ukurasa mzima, ile risasi hakupewa mbadala, na kwenye fomu akaandikiwa shabaha yake hairidhishi. Mwisho wa mwezi akakatwa hela ya risasi, nimeiona slipu.

Ndo maana naandika, sio kwa ajili ya puf. Puf inatokea duniani kote hata kwa viwanda vyenye majina. Winchester, Hornady na wenzao huko Marekani wamewahi kutangaza kurudisha risasi zao baada ya kugundua toleo fulani lina kasoro, wanataja namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi na wanakwambia acha kuitumia, tuletee. Hawaoni aibu. Kitu kinatengenezwa kwa mamilioni, lazima kuna kimoja kitazaliwa kilema. Tatizo letu ni kwamba hapa mlinzi akikiona hicho kilema anakaa kimya, kwa sababu akisema anageuka mwizi wa risasi. Kila zamu tunakabidhiana kwa idadi. Tano zimeingia, tano zimetoka, saini. Hakuna safu ya "nzima" na "mbovu" kwenye lile daftari. Sa mtu akiona ganda lina ufa anafanyaje? Analirudisha kwenye bunduki, analisukumia ndani kabisa ili litoke la mwisho, anaomba Mungu lisije likahitajika. Nimefanya hivyo mwenyewe, zaidi ya mara moja, nakiri.

Na namba ya toleo tutaitoa wapi? Risasi hatujawahi kuletewa na boksi lake. Zinakuja kwenye mfuko wa rambo, zimechanganywa nyekundu na za kijani na za bluu, supavaiza anazihesabu kama anagawa pipi. Boksi limetupwa zamani huko. Kesho kiwanda kikitangaza toleo fulani ni bovu tutajuaje kama ni hizi tulizolala nazo?

Kuna siku kwenye ule mfuko nilikuta moja ya njano, nyembamba kidogo. Nikageuza kitako nikasoma: 20. Sisi bunduki zetu ni geji 12. Kama hamjui, ya geji 20 ukiitia kwenye chemba ya geji 12 haikai, inateleza inaingia ndani ya mtutu inanasa mbele ya chemba, na wewe ukifyatua unasikia tik, hakuna kitu, unasema aa imegoma, unatia nyingine ya geji 12 nyuma yake. Hapo sio puf tena, hapo ni bomu mkononi. Viwanda vingi vimezoea kuzifanya njano kwa sababu hiyo hiyo, mtu azitambue hata gizani na tochi mbovu, ila rangi peke yake usiiamini, soma kitako. Mlinzi mwenzangu ambaye kusoma kunampa shida ningemwambia hivi, ichukue ile unayoijua ni sahihi, zisimamishe mbili sambamba mezani, iliyo nyembamba haitakuficha.

Hiyo ya kuzisimamisha mezani ndo silaha yangu kubwa, na haina gharama. Kila nikipokea lindo nazitoa risasi zote, nazisimamisha kwa vitako kwenye meza ya formaika ya kibandani. Inayoyumba naishika kwanza, maana pale katikati ya kitako kuna ile fataki, kile kiduara cha shaba ambacho sindano ya bunduki inakipiga, kinatakiwa kikae sawa na kitako au kizame chini kidogo sana. Kikitokeza nje ganda linayumba kama kigoda kibovu, na risasi yenye fataki iliyotokeza inaweza kulipuka wakati unafunga chemba tu, triga hujaigusa. Nimeshaona pia moja fataki imeingia upande, na nimesikia za kugeuzwa juu chini, na zile ambazo tundu liko wazi halina fataki kabisa. Halafu naangalia urefu, zote za aina moja zinatakiwa zilingane. Naangalia mdomo ambako plastiki imekunjwa kama ua, kama mkunjo umeanza kufunguka marisau yanatoka na mzigo unalegea. Nazungusha kidole kwenye ganda kutafuta mbonyeo, ufa, uvimbe. Dakika tatu zimeisha. Wale wenye bastola nao waangalie kichwa cha risasi, kama kimezama ndani ya ganda kuliko wenzake hiyo weka pembeni, ukubwa wa chumba cha baruti umepungua na ikilipuka presha inapanda kupita kiasi.

Kuitikisa sikioni kusikiliza baruti, ule mchezo acheni, hautuambii kitu cha maana.

Sasa kuna zilizozaliwa vilema na kuna zilizolelewa vibaya, na kwa Mtwara hizi za pili ndo nyingi. Sisi tuko na bahari puani. Msumari ukiusahau nje wiki mbili umeshabadilika rangi, sembuse kitako cha risasi ambacho mara nyingi ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba juu juu tu. Masika ikija kibanda changu kinavuja, bunduki inalala na unyevu, na zile tano "zile zile" zinaingia na kutoka mara mbili kila siku, asubuhi na jioni, mwaka wa pili sasa. Piga hesabu wenyewe. Kingo za vitako zimelika, maandishi yamefutika, na zinazokaa ndani ya magazini zinasukumwa na springi mchana na usiku mpaka plastiki inaanza kubonyea na kupanuka. Ikipanuka haiingii chembani, inakwama nusu, na jambazi hakusubiri uikwangue.

Watu wanajiongeza kivyao. Kuna mwenzetu alikuwa anazipaka mafuta ya cherehani ziteleze, kumbe mafuta mepesi yakipenya kwenye fataki yanaweza kuiua, unabaki na fimbo. Mwingine aliziona zina ukungu wa kijani akazianika juani juu ya bati, kama korosho! Jua la saa saba juu ya bati la Mtwara. Nilimwambia hapana bana, joto linaharibu baruti pole pole na huwezi kuliona kwa macho. Ila nilimwelewa, hakuna aliyewahi kumwambia. Risasi inataka kitu kikavu, baridi, chenye mfuniko, na kitambaa kikavu cha kuifutia, basi.

Na msidhani nasema viwanda vyote vya wenzetu ni malaika. Mjomba wangu alikuwa askari wa wanyamapori huko Liwale enzi za Selous, tembo wakiingia mashambani ndo wanaitwa wao, na bunduki zao kubwa zilikuwa .458. Alikuwa anasimulia kwamba wakongwe waliomfundisha hawakuwa wanaziamini risasi za mwanzo mwanzo za hiyo bunduki. Nikaja kusoma ni kweli, .458 Winchester Magnum ilitoka 1956, baruti ilikuwa imeshindiliwa ndani ya ganda fupi, ikikaa muda inagandamana kama sukari iliyopata maji na mlipuko unakuwa dhaifu. Baadaye wakarekebisha. Lakini fikiria umesimama mbele ya tembo na bunduki imetoa sauti ya kikohozi. Mjomba alikuwa anamalizia kwa kucheka, mi sikuwa nacheka.

Risasi ikigoma nayo. Nimeona mtu kafyatua, tik, hapo hapo kageuza bunduki anachungulia. Jamani! Kuna risasi zinachelewa, fataki inawaka pole pole halafu ndo baruti inakubali. Ikigoma usihame, mdomo wa bunduki ubaki kwenye tuta, hesabu nusu dakika kamili, moja mpaka thelathini bila kukimbiza, kisha fungua uso wako ukiwa mbali na tundu linalotoa maganda na kiganja usikiweke juu yake. Ikishatoka iangalie kitako. Kama sindano imechimba shimo zuri la katikati basi kosa ni la risasi. Kama imegusa kijuu juu tu basi bunduki yenyewe ni chafu au springi imechoka, mpelekeeni fundi silaha, msiilaumu risasi. Na msiipige mara ya pili kwa ubishi.

Pale renji siku ile hakuna aliyetuambia hata moja ya haya. Masikioni tuliweka pamba ya dukani, macho hivyo hivyo wazi. Miwani ya mafundi wa kusaga vyuma inauzwa hapo hapo sokoni, kumi na nne tungeweza kupokezana minne kwa sababu wanaopiga ni wanne kwa wakati. Tukamaliza tukala mihogo ya kuchemsha na chai kwa mikono ile ile iliyoshika risasi za madini ya risasi, hakuna hata dumu la maji na kipande cha sabuni. Hili la kunawa nalipita haraka lakini kuna watu litawaumiza taratibu, ile sumu haina kelele.

Wakuu, ninachotaka hakijengi ghorofa. Daftari la kukabidhiana liongezwe safu moja ya risasi zilizokataliwa, mlinzi aandike, supavaiza asaini, risasi ichukuliwe ipelekwe polisi ikateketezwe na wanaojua, na mlinzi apewe nyingine bila kukatwa senti. Mnaogopa watu watasingizia ili waibe? Mwizi wa risasi hakuletei risasi mkononi, anaondoka nayo. Boksi lije na risasi zake, namba ya toleo iandikwe kwenye daftari siku linapofunguliwa, na za matoleo mawili zisichanganywe. Zile kuu kuu zilizopita ukaguzi tukazimalize renji kila mwaka, malindoni tubaki na mpya, hivi sasa mnafanya kinyume, mpya mnatupa renji ili tupige vizuri kwenye picha na za zamani tunarudi kulinda nazo.

Na renji yeyote aruhusiwe kusema acha. Hata mpishi, hata dereva. Mtu akisema acha kila mtu anatulia, vidole nje ya triga, ndo tunaulizana kuna nini. Ikiwa hakuna kitu tumepoteza dakika moja. Fimbo ya mtutu iwepo, sanduku la huduma ya kwanza liwepo, na lile gari linalounguruma likae kwa ajili ya majeruhi kwanza, sio kwa ajili ya saa sita.

Maafande, nyie sheria mnayo, ile ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015, na kila mwaka mnakuja kukagua. Nimeshuhudia ukaguzi mara nne. Mnasoma namba ya bunduki, mnalinganisha na leseni, mnahesabu risasi, mnaondoka. Safari ijayo nawaomba kitu kimoja cha nyongeza, mkishahesabu zile tano zisimamisheni mezani. Meza ipo, nitaifuta mwenyewe.

Babu bado yupo kazini, kahamishiwa lindo la huko Shangani, na tukionana hatuzungumzii ile siku, ananiita tu "Bwana Acha" mbele za watu wanacheka. Mimi kibandani kwangu, kwenye kopo la maziwa ya unga lenye kitambaa kikavu ndani, nina risasi mbili nilizozifunga utepe mwekundu. Moja fataki imekaa upande, nyingine ina ufa unaoanzia kwenye kitako. Magazini ina tatu tu kwa sasa. Kila jioni tunakabidhiana tano, tatu na mbili, mwenzangu anasaini huku anaangalia pembeni. Natoka zamu saa kumi na mbili asubuhi. Nani nimkabidhi?